Ruhusa ya Bi Mejumaa

Wanza alihamia Kuze, Mombasa, mwaka ule mamake alipofariki. Kabla ya hapo alikuwa akikaa Changamwe na wasichana wawili kutoka kwao Mwingi, lakini mmoja aliolewa, mwingine akapata kazi Nairobi, naye akabaki peke yake katika nyumba yenye vitanda vitatu. Ndinda, karani mwenzake kule Kilindini walikokuwa wakiandika makaratasi ya kutoa makontena bandarini, akamwambia kuna chumba Kuze, katika Mji wa Kale, ghorofani, kina upepo, na watu wa pale hawana fujo. Wanza hakuuliza la ziada. Alibeba kitanda chake, jiko la gesi na masanduku mawili, akaja.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya zamani, lakini ghorofa ya juu mwenye nyumba alikuwa ameigawa kwa ukuta wa mbao ili apate wapangaji wawili. Upande wa mbele, wenye madirisha ya njiani, alikaa Bi Mejumaa, mjane aliyepita miaka sabini, mzaliwa wa Kwale aliyeolewa Kuze angali msichana mdogo. Upande wa nyuma akakaa Wanza.

Watu wa mtaa walimpokea vizuri. Asubuhi akishuka kwenda kazini alisalimiwa na muuza mahamri, na fundi cherehani, na wazee wa barazani, na salamu zao zilikuwa ndefu: umeamkaje, kwema huko, watu wako hawajambo? Wanza alijibu hawajambo. Watu wake walikuwa kaka mmoja tu aliyempigia simu wakati wa Krismasi. Baada ya salamu hakukuwa na zaidi. Hakuna aliyemkosea. Ila kila mtu pale alikuwa na shangazi yake njia ya pili na binamu yake njia ya tatu, na jioni walikuwa na pa kwenda. Wanza alikuwa na chumba chake.

Bi Mejumaa ndiye aliyemwita mwanangu. "Mwanangu, ndoo unywe chai," alimwambia wiki ya kwanza, amesimama mlangoni pake na leso mabegani.

"Asante mama, siku nyingine," Wanza akajibu, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu aliona haya.

Bi Mejumaa akamkaribisha tena, na tena, na kila mara Wanza akasema siku nyingine, mpaka maneno hayo yakawa sehemu ya salamu zao. Siku ya Idd aliletewa sahani ya biriani iliyofunikwa kwa kawa. Aliirudisha imeoshwa, na ndizi mbivu juu yake, akaikabidhi pale pale mlangoni, akarudi kwake. Hivyo miaka mitatu.

Kilichomshughulisha Wanza miaka hiyo ni kunasa sauti. Ofisini palikuwa na kinasa sauti kidogo cha mikutano, na simu zilipochukua kazi yake, meneja akampa yeye. Jumamosi moja akakiwasha dirishani bila sababu yoyote, mvua ilipokuwa ikipiga mabati ya nyumba ya pili, na jioni akaisikiliza mvua ile ile akiwa amejilaza. Ilimtuliza. Baadaye akanasa muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, msumeno wa seremala, njiwa wa darini, honi ya meli ikisikika kwa mbali kutoka Kilindini.

Akagundua kuna mtandao ambao watu wa dunia nzima hugawana sauti za namna hiyo. Unapakia yako, wengine wanaipakua, wanaikata vipande, wanaichanganya na za kwao, wanatengeneza muziki au filamu. Wanza akajiandikisha kwa jina la "Mkaazi wa Kuze". Chini ya kila sauti palioneshwa idadi ya watu walioichukua, na idadi ile ilipopanda kutoka sita hadi saba alijisikia kama ameita na mtu ameitikia. Hakujua ni nani, wala huyo mtu hakujua lolote kumhusu yeye. Lakini ameitikia.

Kabla ya kupakia, mtandao ulimtaka achague leseni. Wanza, aliyezoea kusoma masharti ya mizigo mchana kutwa, aliyasoma yote. Ungeweza kuiachia sauti kabisa, mtu afanye atakalo. Ungeweza kutaka jina lako litajwe, basi. Au ungeweza kusema: itumie, igeuze upendavyo, nitaje jina, ila usifanyie biashara. Yeye alichagua hii ya mwisho, kila mara. Chini yake palikuwa na kijisanduku cha kutia alama, kwamba unathibitisha sauti ni yako au umepata ruhusa ya wote wanaosikika humo. Hapo napo alitia alama kila mara, bila kufikiri sana. Njiwa utawaombaje ruhusa?

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, baada ya alasiri. Mamake alikuwa ametimiza miaka mitatu kaburini siku ile, na simu ya Wanza haikulia tangu asubuhi. Upande wa pili Bi Mejumaa alikuwa amekaa chini, mgongo karibu na ukuta wa mbao, anachambua mchele kwenye uteo huku akiimba midomo imefumba. Hakukuwa na maneno, sauti ya puani tu, ikipanda kidogo, ikishuka, ikikatika kila mkono ulipotupa kijiwe, kisha ikiendelea. Wanza alikuwa ameisikia mara nyingi. Siku hiyo alichukua kinasa sauti, akakiegemeza kwenye mbao, akakaa sakafuni naye mgongo ukutani. Ikiwa ukuta ule ungeondolewa, wangekuwa wameegemeana.

Alinasa dakika nne. Akaipakia jioni hiyo hiyo kwa jina "Mwanamke akiimba, Mombasa". Akachagua leseni yake ya siku zote. Akatia alama kwenye kijisanduku.

Sauti ile ilichukuliwa kuliko zote alizowahi kupakia. Hadi mwezi wa saba watu zaidi ya mia tatu walikuwa nayo. Wengine waliandika maneno chini yake: mmoja kwamba imemkumbusha nyanya yake, mwingine kwamba huisikiliza akirudi kutoka kazini. Wanza aliyasoma maneno hayo mara kwa mara kana kwamba yameandikwa juu yake yeye. Asubuhi alipokutana na Bi Mejumaa ngazini alimwamkia kwa uchangamfu zaidi kuliko zamani, na bibi alidhani pengine binti yule amepata mchumba.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Ndinda aliongeza sauti ya redio pale ofisini. "Wanza, hebu sikia. Tangazo la magodoro. Hii sauti mimi hunitia usingizi hata mchana."

Wanza alikuwa ameshika mhuri. Kwanza ilisikika ngoma ndogo, halafu mvua, halafu sauti ya puani inayopanda na kushuka na kukatika kwa kijiwe. Mwanamume mwenye sauti nzito akasema jina la magodoro na duka lilipo. Ndinda akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Wanza aliweka mhuri mezani, akaenda msalani, akafungulia maji, akasimama tu.

Hakupata hata nafasi ya kujidanganya kwamba bibi hatasikia. Jioni ile simu ya Bi Mejumaa ililia. Masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo simu zake zote alizisikiliza kwa spika, na Wanza alisikia kila neno.

"Mama, nimekusikia redioni." Alikuwa Zakiya, bintiye wa pekee, aliyeolewa Malindi. "Tangazo la magodoro. Ni wewe. Ni ule wimbo uliokuwa ukinilaza nao."

"Mimi? Redioni? We Zakiya, una homa?"

"Wallahi mama, naijua sauti yako. Nani amekurekodi?"

"Hakuna aliyenirekodi. Mimi ninatoka? Hapa na sokoni, hapa na matangani."

Siku ya pili yake Bi Mejumaa alimngoja Wanza ngazini. Alikuwa amevaa buibui kama mwenye safari, lakini hakuwa na safari. "Shikamoo, mama," Wanza akasema.

"Marahaba. Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu niambie. Sauti ya mtu yaweza kuingia redioni na mwenyewe hana habari?"

Wanza alimtazama. Alikuwa na jibu lote mdomoni. "Sijui, mama," akasema. "Sijui mambo ya redio."

"Haya," akasema Bi Mejumaa. "Nimeuliza tu." Akashika ukuta, akapanda taratibu kurudi kwake. Wanza akaenda kazini.

Aliazimia alirekebishe jambo kwanza, ndipo aseme. Alijiambia kwamba akienda kwa bibi na tangazo limeshaondolewa, kosa litakuwa limepungua. Akafungua mtandao, akaanza kufuatilia njia iliyopitiwa na sauti ile. Haikuwa vigumu, kwa sababu kila aliyechukua sauti na kutengeneza kazi mpya alitakiwa kuonyesha alikoitoa. Kazi saba zilikuwa zimezaliwa na ile ya Wanza. Mojawapo ilikuwa ya mtu aitwaye Oliver, wa nchi ya mbali. Alikuwa ameichanganya na mvua na ngoma ndogo, akaifanya ndefu, ya kulalia. Jina la Mkaazi wa Kuze alilitaja. Lakini leseni aliyoiwekea kazi yake ilikuwa ile ya kwanza kabisa: mtu afanye atakalo. Na chini yake palikuwa na ujumbe mfupi: "Asante kutoka Mombasa, nimeitumia katika tangazo. Dishon." Jina la studio lilikuwapo. Ilikuwa Bondeni.

Wanza aliusoma ujumbe ule mara mbili. Sauti ilitoka Kuze, ikaenda hadi kwa Oliver, ikarudi Bondeni, mwendo wa robo saa kwa miguu.

Alikwenda Jumamosi. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyombo, kuta zimefunikwa kwa sponji. Dishon alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole, aliyemwondolea nyaya kitini ili apate pa kukaa. Wanza alikuwa amechapisha masharti yote ofisini, akayaweka mezani kama anavyoweka makaratasi ya mzigo.

"Sauti iliyo kwenye tangazo lako niliipakia mimi," akasema. "Nilikataza biashara."

Dishon hakukasirika. Alifungua kompyuta, akamwonyesha ukurasa wa Oliver. "Dada, mimi nilichukua hapa. Tazama mwenyewe. Ameandika ni huru. Mimi sikuvunja kitu."

"Oliver hakuwa na uwezo wa kuandika hivyo. Soma hapa." Wanza akaweka kidole. "Ukitengeneza kazi kutokana na ya mwingine, masharti ya ile ya kwanza yanakufuata. Unaweza kuongeza vyako. Huwezi kulegeza cha mwenzako. Kwake sauti ilifika ikiwa na kizuizi. Kwako ingefika na kizuizi hicho hicho."

Dishon alisoma polepole, midomo ikitembea. Akasoma tena. "Kweli," akasema mwishowe. "Kwa hiyo ruhusa aliyonipa mimi, hata yeye hakuwa nayo."

"Ndiyo."

"Mimi nilipaswa kurudi nyuma mpaka mwanzo. Niliishia kwake." Akajikuna kidevu. "Wewe wataka nini? Tukulipe?"

"Sitaki malipo. Nataka iondoke."

"Nitawaambia wenye magodoro. Wiki moja, nitaweka kitu kingine. Nina mjomba anapiga zeze." Akamtazama Wanza kwa heshima kidogo. "Pole, dada. Una sauti nzuri. Nilidhani ni mtu mzima zaidi."

"Si sauti yangu."

"Ya nani?"

"Ya jirani yangu. Mama mmoja mzee."

"Alikupa ruhusa?"

Nje mtu alikuwa akishusha masufuria kutoka kwa mkokoteni, na yaligongana moja baada ya jingine. Wanza aliyatazama makaratasi yake mezani. Dishon alisubiri, kisha akayakunja makaratasi yale na kumrudishia, bila ubaya wowote usoni.

"Basi dada," akasema, "sisi watatu tuko hali moja. Oliver alinipa kisichokuwa chake. Na wewe ulimpa Oliver kisichokuwa chako."

Wanza alitembea kurudi Kuze kwa njia ndefu, akapita Makadara, akapita sokoni, akanunua kabichi asiyoihitaji. Alipofika juu hakuingia chumbani kwake. Alisimama mbele ya mlango wa Bi Mejumaa na kabichi mkononi, akabisha hodi. Katika miaka mitatu na miezi kumi alikuwa hajapata kuubisha mlango ule ila kurudisha sahani.

"Karibu! Leo jua limetoka wapi?" Bi Mejumaa alifurahi kweli. Akamkalisha kwenye kitanda cha kamba, akamimina chai ya rangi yenye iliki, akaleta kaimati kwenye kibakuli. Chumba kilikuwa safi, kikinuka udi. Wanza alishika kikombe hakukinywa.

"Mama, uliniuliza juu ya redio."

"Naam."

"Nilikwambia sijui. Nilikuwa najua. Ni mimi niliyekurekodi."

Akamweleza yote, bila kujipunguzia: kinasa sauti, ukuta, mtandao, kijisanduku, Oliver, Dishon. Bi Mejumaa alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Alipoambiwa watu mia tatu na zaidi, alisema tu, "Mia tatu," kana kwamba anajaribu kuwaona wamekaa chumbani mle.

"Hebu nisikie," akasema.

Wanza akamwekea simu karibu na sikio. Dakika nne ni nyingi watu wawili wakiwa kimya. Bi Mejumaa alisikiliza mpaka mwisho, akaisukuma simu kwa upole.

"Sauti imezeeka," akasema. "Sikujua imezeeka hivi. Wimbo huo alikuwa akituimbia mama, Kwale, sisi wanawe mpaka kitinda mimba wake. Mimi nilimwimbia Zakiya. Basi, hao tu. Marehemu mume wangu mwenyewe hakupata kuusikia, maana nilikuwa nikimwonea haya. Bahati yangu siku ile sikuwa natamka. Mvumo umeupata, maneno hukuyapata."

"Nisamehe, mama. Nitaiondoa. Tangazo litaondoka wiki hii, nimekwishakwenda."

"Ulikwenda kwa huyo wa Bondeni kabla hujaja kwangu?"

Wanza aliinamisha kichwa.

"Sikiza. Kunirekodi ni kosa, lakini ni kosa la mtu mjinga, husameheka. Lakini nilisimama pale ngazini nikakuuliza, uso kwa uso. Ukaniambia hujui. Nilirudi humu nikadhani nimeanza kurukwa na akili. Siku nne nikimwomba Mungu asininyang'anye akili zangu." Hakupaza sauti. "Na jambo la pili. Miaka yote hii nakwambia karibu, ndoo unywe chai. Waniambia siku nyingine. Kumbe wakaa nyuma ya ukuta wanisikiliza. Kwa nini hukuingia tu, ukakaa, ukanisikia kama watu wanavyosikizana?"

Wanza alitaka kusema kwamba hakujua kukaa chumbani mwa watu. Kwamba alizoea kuwa mbali mpaka ukaribu ukawa kazi ngumu. Kilichotoka kilikuwa kifupi. "Niliona haya."

"Haya," akasema Bi Mejumaa, na haikujulikana kama anarudia neno lile au anamaliza mazungumzo. Akainuka. "Iondoe yote. Kila ilipo. Kisha uje uniambie."

Kazi hiyo ilimchukua Wanza wiki tano. Masharti ya mtandao yalisema kwamba leseni ikishatolewa hairudishwi. Anayeichukua sauti kwa haki anabaki nayo hata mwenyewe akijuta. Lakini alipowaandikia wasimamizi kwamba anayesikika hakuwa ameombwa, walimjibu kwamba basi hakuwa na haki ya kutoa leseni tangu mwanzo, wakaifuta siku hiyo hiyo. Kazi zilizozaliwa nayo zilikuwa jambo jingine, kwa sababu baadhi zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa mitandao mingine. Ilibidi awaandikie wenyewe mmoja mmoja. Kila jioni akirudi kutoka Kilindini alikaa na kuandika: mimi ndiye Mkaazi wa Kuze, nilikosa, naomba.

Oliver alijibu wa kwanza. Aliandika kwamba aliona maneno "mtaje jina", akalitaja, akadhani amemaliza. Kuhusu biashara hakusoma. Kazi ile alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya babake mgonjwa aliyekuwa hapati usingizi, na babake alikwisha kufariki. Aliifuta mtandaoni. Aliuliza kama anaweza kubaki na nakala moja, asiicheze kwa mtu yeyote. Wanza alitaka kumwambia ndiyo. Kisha akakumbuka kwamba ruhusa hiyo nayo si yake kuitoa, akamwandikia kwamba atauliza.

Wanne wengine walifuta bila maneno mengi. Mmoja alikataa, akasema alichukua kwa haki na hatasumbuliwa. Wasimamizi wa mtandao wake ndio waliomwondolea. Wa saba hakujibu kabisa. Ukurasa wake ulikuwapo, umetupwa, hauna mtu, na sauti ya Bi Mejumaa humo ndani ikirudia vipande vyake vitatu vya kwanza, mwanzo mwisho, mwanzo mwisho.

Tangazo la magodoro lilikwisha kubadilika. Ndinda alilalamika kwamba zeze halimpi usingizi.

Wanza alikwenda kutoa taarifa siku ya Jumapili, alipotoka kanisani. Safari hii Bi Mejumaa hakuandaa chai. Alisikiliza mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Imebaki moja, mama. Mwenyewe hapatikani."

"Hiyo mwachie Mungu."

"Na huyu Oliver anauliza kama anaweza kubaki na nakala yake. Ilikuwa ya babake."

Bi Mejumaa aliushusha mkono kutoka mwimoni. "Babake alilala nayo?"

"Amesema alilala."

"Basi mwambie abaki nayo. Mwambie nimempa mimi." Akaanza kufunga mlango, akasita. "Na wewe umefanya vizuri kuniuliza. Ahsante, Bi Wanza."

Mlango ukafungwa. Wanza alisimama pale ngazini. Bi Wanza. Lilikuwa jina la heshima, jina ambalo mwanamke wa Kuze humwita mwanamke mwingine asiye wake. Alilisikia kila asubuhi baada ya hapo. Shikamoo, marahaba, umeamkaje Bi Wanza, kwema. Salamu hazikupungua hata moja. Idd ilipofika, sahani ya biriani ilikuja kama kawaida. Lakini hakuambiwa tena karibu unywe chai, na yeye, ambaye sasa angeingia bila kuitwa mara mbili, hakujua namna ya kuomba kitu alichokikataa miaka mitatu mfululizo. Mara mbili alibisha hodi kwa visingizio, mara moja ya chumvi, mara moja ya kibiriti. Alipewa, akashukuru, akarudi.

Nyuma ya ukuta wa mbao hakusikia wimbo tena. Alisikia mchele ukichambuliwa, vijiwe vikianguka kibatini, na kimya kati yao. Hapo ndipo alipojua kwamba amemnyima yule mama kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kinasa sauti alimpa Dishon. Ukurasa wa Mkaazi wa Kuze aliufunga, na njiwa na mvua na muuza kahawa wakaondoka nao.

Mwezi mmoja baada ya Idd, Zakiya alikuja kutoka Malindi kumchukua mamake. Magoti yalikuwa yamechoka ngazi, alisema, na kule nyumbani kwake hakuna ngazi. Pikapu haikuweza kuingia vichochoroni, ikaachwa barabarani, na vitu vikabebwa kwa mkono. Wanza aliomba ruhusa ya saa mbili kazini. Alibeba kitanda cha kamba akishirikiana na dereva, Kalama, kisha akabeba masufuria, uteo, mkoba wa nguo. Zakiya alimshukuru kila alipopita. Alijua ni nani aliyemrekodi mamake, au hakujua. Uso wake haukuonyesha.

Bi Mejumaa alipandishwa kiti cha mbele. Wanza alisogea dirishani. "Shikamoo, mama. Safari njema."

"Marahaba. Nawe baki salama." Akavuta buibui lake lisibanwe na mlango. "Usikae peke yako sana," akasema. "Si vizuri."

"Sawa, mama."

Zakiya alikuwa amerudi juu kufunga madirisha. Kalama alizunguka pikapu akikaza kamba, akamwona Wanza amesimama bado kando ya mlango.

"Wewe ni mwanawe mwingine?" akamuuliza.

"Hapana," Wanza akasema. "Nilikuwa jirani yake."

Kalama akatikisa kichwa, akavuta kamba mara ya mwisho. Zakiya akaja, wakaondoka. Wanza alitazama saa. Alikuwa na dakika arobaini za kufika Kilindini, na kulikuwa na meli iliyotia nanga alfajiri, makaratasi yake hayajaguswa. Akaanza kutembea.